Rangi Ngeni Kwenye Picha: Mtafute Kwanza Mpokezi Dhaifu

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Somo la leo litawashangaza wanaonijua. Mimi nasoma masomo ya Kiislamu, na mambo ya mashine huwa nawaachia wenzangu wa sayansi. Lakini mwaka huu nimejifunza kuchapisha picha kwa njia ya aibu, na nimeona si vizuri aibu hiyo ipotee bure. Huenda nawe kesho utakabidhiwa bango la Ramadhani, cheti cha mashindano ya kuhifadhi Qur'ani au picha za mahafali, ukashangaa kwa nini picha iliyo safi kwenye simu inatoka kwenye printa ikiwa ya kijani.

Kisa chenyewe

Shaaban iliyopita jumuiya yetu iliandaa maonyesho madogo ya kuwakumbuka walimu waliotutangulia. Mimi nilikabidhiwa uchapishaji. Miongoni mwa picha tulizokusanya kulikuwa na ya sheikh mmoja, Allah amrehemu, aliyesomesha darsa za baada ya Alasiri karibu na chuo kwa miaka mingi. Ni picha ya zamani isiyo na rangi, ukubwa wa kadi ya posta. Sheikh amekaa kwenye kiti, kanzu nyeupe, kitabu mapajani.

Mjane wake, ambaye sote tunamwita Hajjati, ni Mnubi wa Bombo, na Kiswahili chake ni kile cha wazee. Alitupa picha ile kwa masharti mawili: tuirudishe salama, na tumchapie nakala kubwa aiweke nyumbani, maana ya asili inafifia na hana nyingine. (Ikhtilafu ya wanazuoni juu ya picha inajulikana, na si somo la leo. Itoshe kwamba ilikuwa amana ya watu, nasi tuliipokea.)

Niliipiga kwa simu ofisini kwetu, nikaichapisha kwa printa ya jumuiya. Ikatoka na rangi ya kijani kama ukungu wa maji yaliyosimama. Nikafungua programu ya picha, nikaongeza wekundu kidogo kwa kukisia, nikachapisha tena. Mashavu yakabaki kijani, vivuli vikawa vya zambarau. Nikaongeza tena. Karatasi nne za gharama zikaisha, na maonyesho yalikuwa kesho yake. Nikachagua iliyo afadhali.

Hajjati aliishika kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda.

"Mwanangu," akasema, "siku hizo alikuwa anaumwa, mimi nisijue?"

Alicheka kidogo, akaniombea dua, akaifunga ile picha ndani ya gazeti. Hakunilaumu. Lakini nilirudi chuoni nikijua kwamba nimempa mtu sura ya mume wake ambayo si yake.

Kosa langu lilikuwa wapi?

Wiki ile ile tulikuwa tukisoma elimu ya hadithi, mlango wa ila, yaani kasoro iliyofichika katika hadithi ambayo kwa nje inaonekana salama. Mwalimu akatukumbusha kauli mashuhuri ya Ali ibn al-Madini, aliyefariki mwaka 234 Hijria, ambayo maana yake ni kwamba njia za mapokezi zisipokusanywa pamoja, kosa halidhihiriki. Nilipokuwa naandika hayo nikaiona ile picha mbele ya macho yangu.

Picha nayo ina isnadi yake. Kutoka kwenye uso wa yule sheikh mpaka kwenye jicho la Hajjati imepitia mikono mingi: mwanga, kamera, kioo cha simu, programu, mipangilio ya printa, wino, karatasi, kisha mwanga tena. Kila mmoja ni mpokezi. Rangi ngeni ikiingia, imeletwa na mmoja wao au zaidi. Mimi sikumtafuta. Nilikwenda moja kwa moja kwenye matni nikaanza kuibadilisha ili ifanane na ninavyodhani. Ni nani kati yetu angekubali hadithi itengenezwe hivyo?

Sifananishi hadhi ya hadithi na ya picha, Allah atuepushe. Nachukua adabu ya uchunguzi tu. Aya ya 6 ya Suratul-Hujurat imetufundisha kuhakikisha habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua, na adabu hiyo inafaa hata mbele ya printa.

Kwa nini picha isiyo na rangi ndiyo inayoumbua?

Unaweza kudhani picha ya nyeusi na nyeupe haiwezi kupata rangi. Ukweli ni kinyume chake. Printa nyingi za wino huwa na wino wa rangi nne: sayani (buluu ya kuelekea kijani), majenta (wekundu wa kuelekea zambarau), njano na nyeusi. Hata ukichapisha kijivu, printa kwa kawaida huchanganya vitone vya sayani, majenta na njano pamoja na nyeusi ili kijivu kiwe laini. Mizani ikiyumba kidogo, kijivu kinaegemea upande mmoja. Kwenye shati jekundu mtu hataona mabadiliko madogo, lakini kwenye kijivu jicho huyaona mara moja.

Kwa hiyo kijivu ni shahidi mwema. Ukitaka kujua kama printa yako ni ya kuaminika, usiijaribu kwa picha ya maua. Ijaribu kwa mstari wa vijivu, kutoka nyeupe hadi nyeusi.

Kumbuka pia jozi hizi tatu, ndizo ufunguo wa somo zima:

- Kijani kinyume chake ni majenta.
- Sayani kinyume chake ni nyekundu.
- Njano kinyume chake ni buluu.

Picha ikiwa ya kijani, ama kijani kimezidi au majenta imepungua. Ikiwa nyekundu, huenda sayani haifiki. Ikiwa ya buluu, itazame njano.

Tuwapitie wapokezi mmoja mmoja

Nilimleta ofisini fundi mmoja wa mashine za kuchapia anayefanya kazi Nasser Road, ule mtaa wa wachapaji hapa Kampala. Nilimwonyesha picha, nikaanza kumweleza nilivyorekebisha. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Ustadhi, picha iache kwanza. Mashine yako umeiuliza?"

Haya ndiyo tuliyoyapitia, nami nimeyapanga kwa utaratibu wa isnadi.

1. Mwanga na kamera. Niliipiga picha ya asili chini ya taa ya tyubu huku dirisha likiwa wazi. Taa ya tyubu mara nyingi huwa na ukijani, na mwanga wa dirishani kivulini huwa na ubuluu. Kamera inaweza kusawazisha mwanga wa aina moja. Mianga miwili ikikutana, upande mmoja wa picha utaegemea huku na mwingine kule, na hakuna kitufe kimoja cha kuzitibu pande zote mbili. Dawa yake ni kuzima taa na kutumia dirisha peke yake bila jua la moja kwa moja, au kufunga pazia na kutumia taa za aina moja. Kama kuna skana, tumia skana.

2. Faili yenyewe. Hapa hakuna haja ya kukisia, kwa sababu faili ni namba. Kila nukta ya picha ina namba tatu, za nyekundu, kijani na buluu, kuanzia 0 hadi 255. Kijivu halisi ni pale zote tatu zinapolingana, mfano 128, 128, 128. Ukiona 120, 134, 118, kuna ukijani ndani ya faili hata kama macho yako yanakataa. Kama picha ya asili haina rangi, igeuze faili yote kuwa ya kijivu. Namba zote zitalingana, na faili itakuwa imetoka kwenye tuhuma. Rangi yoyote itakayojitokeza baada ya hapo imeletwa na waliokuja nyuma yake.

Kwa picha ya rangi, tafuta kitu kinachojulikana kuwa kijivu au cheupe. Kwetu sisi kanzu na kofia ni mashahidi wa karibu. Lakini wajarhi na kuwaadili kwanza: kanzu iliyofuliwa kwa bluu itasema uongo, na ya rangi ya maziwa pia. Njia ya hakika ni kuweka kadi ya kijivu mbele ya kamera katika picha ya kwanza, kisha kusawazisha zilizobaki kwayo.

3. Kioo cha simu au kompyuta. Mimi nilirekebisha picha usiku, na simu yangu ilikuwa imejiwashia ile hali ya usiku inayofanya kioo kiwe cha manjano ili macho yasichoke. Nilikuwa natibu ugonjwa wa kioo ndani ya picha. Izime hali hiyo, punguza mwangaza uliokithiri, na pale namba na kioo vinapogombana, zisadiki namba.

4. Programu na mipangilio ya printa. Hapa ndipo wengi huanguka bila kujua. Programu ya picha inaweza kutafsiri rangi kwa ajili ya printa na karatasi fulani. Printa nayo inaweza kufanya kazi hiyo hiyo. Zote mbili zikifanya, rangi inatafsiriwa mara mbili, na mara nyingi picha huegemea majenta. Chagua mmoja tu. Ukiiachia programu, zima usimamizi wa rangi wa printa. Ukiiachia printa, usiweke profaili ya karatasi kwenye programu.

Chagua pia aina ya karatasi kama ilivyo kweli. Printa hupima kiasi cha wino kwa kufuata jibu hilo. Ukisema ni karatasi ya kawaida kumbe ni ya picha inayong'aa, umempa mpimaji kipimo cha uongo.

5. Matundu ya wino. Hapa ndipo fundi alipoanzia, ingawa katika isnadi yuko katikati. Alichapisha ukurasa wa majaribio wa matundu, ule wenye mistari midogo ya kila rangi. Printa nyingi zinao, na hauhitaji picha yoyote. Mistari ya sayani, njano na nyeusi ilikuwa kamili. Ya majenta ilikuwa imekatikakatika kama ngazi iliyovunjika.

Printa yetu ilikaa likizo nzima bila kufanya kazi, na wino ulikuwa umekauka kwenye baadhi ya matundu. Majenta ikipungua, sayani na njano hubaki zimetawala, na mchanganyiko wao ni kijani. Ndiyo maana uso wa sheikh ukawa ule.

Nikamuuliza kwa nini nilipoongeza wekundu vivuli viligeuka zambarau. Akasema sehemu za giza huchapwa zaidi kwa wino mweusi, na wino mweusi ulikuwa mzima. Vivuli havikuwa vimeharibika sana. Mimi nikavimwagia dawa ya ugonjwa ambao haukuwa wake. Hiyo ndiyo gharama ya kubadilisha matni kwa sababu ya udhaifu wa mpokezi: palipokosea hapaponi vizuri, na palipokuwa salama panaharibika.

Tukasafisha kichwa cha printa kwa amri yake yenyewe, mara moja, tukapima. Mara ya pili, tukapima. Mistari ikakamilika. Usisafishe mara kumi mfululizo, kwa sababu kila mara hunywa wino mwingi. Mistari ikikataa, iache printa itulie saa kadhaa kisha ujaribu tena. Na kinga yake ni rahisi: chapisha ukurasa mdogo wa rangi kila wiki, hata wakati wa likizo.

6. Wino na karatasi. Profaili ya rangi ya printa hutengenezwa kwa wino na karatasi maalumu. Ukijaza wino wa chupa nyingine, unaweza kupata kijivu chenye wekundu au ukijani hata kila kitu kikiwa sawa. Sisemi usijaze, najua mifuko yetu wanafunzi. Nasema usibadilishe wino katikati ya kazi, na usichanganye aina mbili. Karatasi nayo ina rangi yake: nyingine ni za maziwa, nyingine zimetiwa kemikali za kung'arisha zinazoipa ubuluu. Weupe wa picha yako hauwezi kuushinda weupe wa karatasi.

7. Mwanga wa mtazamaji. Tulipochapisha tena, picha ilionekana ya kijivu safi mlangoni, lakini chini ya tyubu ya ofisini ukijani kidogo ukarudi. Nikataka kuongeza majenta. Fundi akanikataza. Wino unaoonekana wa kijivu kwenye mwanga mmoja unaweza kubadilika kwenye mwanga mwingine, kwa kuwa kila taa ina mchanganyiko wake wa rangi. Katika kazi ya uchapaji nakala huamuliwa chini ya taa za kiwango maalumu, kelvini 5000. Sisi hatuna taa hizo, lakini mchana tuna mlango. Na kabla ya kuamua, uliza: picha hii itakaa wapi? Pia subiri ikauke. Rangi ya wino mbichi si ya kutolea hukumu.

Kukusanya njia

Ukiwa hujui mpokezi gani ni dhaifu, fanya alivyotuelekeza Ibn al-Madini: kusanya njia. Chapisha faili ile ile kwenye printa nyingine. Rangi ngeni ikitoweka, tuhuma ni ya printa yako. Ikibaki vile vile, rudi kwenye faili na mwanga. Kisha chapisha faili nyingine, ule mstari wa vijivu, kwenye printa yako. Ukitoka safi, printa haina kosa. Majaribio haya mawili hutumia karatasi mbili. Mimi nilitumia nne na sikujua chochote.

Na ikiwa wapokezi wote wamethibiti na bado kumebaki rangi kidogo, hapo sasa unaruhusiwa kugusa picha. Igawe karatasi moja katika vipande vinne au sita, kila kipande kikiwa na sehemu ile ile ya picha lakini marekebisho tofauti kidogo, na uandike chini yake umefanya nini. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Vitazame mlangoni, uchague.

Kwa picha zisizo na rangi kuna njia nyingine: iambie printa itumie wino mweusi peke yake. Rangi ngeni karibu yote itaondoka, ila sehemu nyepesi zinaweza kuonyesha vitone. Baadhi ya printa za picha zina wino wa kijivu wa ziada kwa ajili hiyo.

Neno kwa kamati ya jarida

Kazi ikienda kiwandani kwa mashine kubwa, kijivu cha sayani, majenta na njano kwa viwango sawa hakitoki kijivu, hutoka na ukahawia, kwa sababu wino wa sayani si safi kama tunavyodhani. Kijivu cha kati huhitaji takriban sayani 50, majenta 40 na njano 40 kwa mia. Kwa hiyo picha za kijivu za kurasa za ndani zipelekeni zikiwa faili za kijivu, zichapwe kwa wino mweusi tu. Mtaokoa rangi na fedha.

Tulivyomaliza

Niliomba ile picha ya asili kwa mara ya pili, na kuomba kwenyewe kulikuwa kuzito kuliko kazi. Nikaipiga karibu na dirisha, taa zimezimwa. Nikaigeuza kijivu, nikapima matundu, nikachagua karatasi kwa jina lake, nikachapisha mara moja. Nikaiacha mpaka kesho yake.

Hajjati hakuitazama pale alipokuwa amekaa. Aliinuka, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga, akaisogeza karibu na macho. Akapitisha kidole kwenye kanzu, si kwenye uso.

"Huyu ndiye," akasema. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Zoezi la wiki hii

Chapisha mstari wa vijivu na ukurasa wa matundu kwenye printa unayoitumia. Vitazame mlangoni, kisha chini ya taa ya chumbani. Andika ulichokiona katika kila mwanga. Kama kuna rangi ngeni, itaje kwa jina, taja kinyume chake, kisha useme ni mpokezi yupi unayemshuku na kwa ushahidi gani. Usiguse picha yoyote kabla ya kujibu.

Allah atujaalie kuwa watu wa kuhakikisha kabla ya kuhukumu, na wenye kurudisha amana kama tulivyoipokea.

Wabillahi tawfiq.